Ratiba ya kijana wa Hamburg: kisa cha darasa moja la historia, Moshi

Kijana aliyeuliza swali hukaa safu ya nyuma, dirishani, upande ambao Kibo huonekana mawingu yakikubali. Vilikuwa vipindi viwili vya mchana, baada ya makande, saa ambayo kidato cha sita hupigana na usingizi. Tulikuwa kwenye mada ya kuinuka kwa Unazi Ujerumani. Nilikuwa nimebandika ubaoni picha niliyoichapisha mjini: wavulana wa Hitlerjugend, yaani jumuiya ya vijana ya chama cha Hitler, wamejipanga mistari, mashati ya kahawia, kaptula, ngoma ndefu zilizochorwa ndimi za moto. Nyuso zao zinang'aa. Picha hiyo ndiyo iliyomfanya anyooshe mkono.

"Mwalimu, samahani. Mimi naona hawa walikuwa na bahati. Serikali yao iliwajua. Iliwapa sare, ikawapeleka kambi, ikawaita mashujaa. Sisi hapa nani anatuita?"

Darasa lilinyamaza kidogo, kisha wakapiga meza. Kwa asiyejua mambo ya bweni, kupiga meza ni kura. Kijana alikuwa amewasemea wenzake.

Hapo nikafanya kosa ambalo ndilo limenifanya niandike kisa hiki. Nilimfokea. Nikamwambia chama anachokisifia kiliua Wayahudi milioni sita, nikamwambia aone aibu, nikamwambia akae. Akakaa. Akaandika notisi zote nilizosoma hadi kengele ilipolia, kichwa kimeinama, na darasa zima likaandika vilevile, wala hakuna aliyeuliza kitu tena. Nilipofika ofisi ya walimu na kuweka chaki mezani ndipo nilipoona nilichofanya. Mada yangu ilikuwa utawala wa kiimla, na nilikuwa nimeifundisha kwa kumnyamazisha mtu.

Msomaji anahitaji kumjua kidogo kijana huyu, ingawa jina lake nitalihifadhi. Ni kiongozi wa skauti shuleni, mtu wa kuamka kabla ya kengele. Kwao ni Kibosho. Kaka yake alimaliza kidato cha sita miaka michache iliyopita na sasa ni mgumu, mbeba mizigo ya wageni mlimani. Msimu wa watalii anapata safari, masika yakiingia anakaa kijiweni. Vyeti vyake viko kwenye bahasha kabatini kwa mama yao. Mdogo mtu anaiona bahasha hiyo kila likizo. Kwa hiyo aliposema "nani anatuita", Ujerumani ilikuwa mbali sana na mawazo yake, na mimi nilimjibu kana kwamba anazungumzia Ujerumani.

Ajabu ni kwamba swali lake lingeeleweka mara moja na kijana wa Kijerumani wa mwaka 1932. Mapema mwaka huo Wajerumani zaidi ya milioni 6 walikuwa wameandikishwa kuwa hawana kazi. Baba yuko nyumbani, hana la kufanya. Kaka yuko barabarani. Walimu wanazungumza juu ya vita iliyopotea mwaka 1918 na fidia ya Mkataba wa Versailles. Halafu anakuja mtu anasema: taifa ni lenu ninyi vijana, wazee wameshindwa. Hata hivyo, na jambo hili watu wengi hulipita, mwishoni mwa 1932 Hitlerjugend ilikuwa na wanachama wapatao 100,000 tu. Jumuiya nyingine za vijana, za makanisa, za michezo, za kupanda milima, zilikuwa na watoto wengi mno kuliko hiyo. Mwaka mmoja baadaye, mwishoni mwa 1933, ilikuwa imepita milioni 2.

Niliwarudishia wanafunzi tarakimu hizo mbili kipindi kilichofuata. Kwanza nilimwomba radhi yule kijana mbele ya wenzake, jambo ambalo kwetu walimu wa zamani si jepesi. Kisha nikawauliza: kati ya mwaka na mwaka, watoto milioni mbili walipenda ghafla? Nikawaruhusu wajibu kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza cha darasani huwafanya watoto wetu waseme yale tu wanayoyaweza kuyasema, na siku hiyo nilitaka waseme wanayoyafikiri.

Jibu tulilifikia polepole. Hitler alishika ukansela Januari 30, 1933. Katika miezi iliyofuata jumuiya za vijana za vyama vya wafanyakazi na za wakomunisti zilipigwa marufuku. Vijana wa Kiprotestanti waliunganishwa na Hitlerjugend Desemba 1933. Skauti nao wakafungiwa. Wakatoliki walikuwa na mkataba kati ya Vatikani na Berlin uliosainiwa Julai 1933, ukawapa muda, lakini walibanwa mwaka hadi mwaka mpaka nao wakamalizwa. Mtoto aliyependa kupiga hema, kupiga gitaa, kucheza mpira wa timu au kupanda mlima alibakiwa na mlango mmoja.

"Kwa hiyo mimi skauti ningepelekwa tu," alisema yule kijana.

Nikamwambia ndiyo, pengine bila hata kuhama uwanja.

Kutoka hapo ndipo kazi ya manila ilipoanza, na kwa maoni yangu ndiyo iliyobeba kisa chote. Nilichukua karatasi ya manila na kalamu za maka, nikawaambia wachore ratiba mbili za wiki, kila moja na saa zake kuanzia kuamka hadi kulala. Upande wa kushoto ratiba yao wenyewe hapa shuleni. Upande wa kulia ratiba ya kijana wa miaka 13, Hamburg, mwaka 1938. Upande wa kushoto waliumaliza kwa dakika kumi, kwa kelele: kengele, usafi, mstarini, vipindi, makande, vipindi, michezo, prepo, kulala. Walijigamba kwamba hakuna mfungwa anayebanwa kama wao.

Upande wa kulia tuliujaza pamoja. Asubuhi, mwalimu akiingia, darasa linasimama, mkono wa kuume juu, "Heil Hitler", kabla ya neno lolote la somo. Mwalimu huyo, kwa uwezekano mkubwa, ni mwanachama wa chama cha walimu cha Wanazi, kwa maana kufikia 1937 takriban asilimia 97 ya walimu walikuwa wamejiunga. Wayahudi na waliopinga walikuwa wameanza kuondolewa kazini kwa sheria ya Aprili 7, 1933. Somo la biolojia linafundisha mbari na kupima vichwa. Jiografia ni ramani za ardhi ambayo Ujerumani ilinyang'anywa baada ya vita. Historia inaelekea kwa mtu mmoja. Michezo imeongezwa hadi saa 5 kwa wiki, ndondi zikiwemo kwa wavulana. Jumatano jioni ni mkutano wa kikundi, nyimbo na hadithi za mashujaa waliokufa vitani. Jumamosi ni gwaride na mazoezi. Jumapili, saa ya kanisa, mara nyingi kuna matembezi ya lazima. Likizo ni kambi.

Wasichana waliuliza wao wangekuwa wapi. Walikuwa na jumuiya yao, kuanzia miaka 10, na kuanzia 14 wakaingia Bund Deutscher Mädel, yaani Shirikisho la Wasichana wa Kijerumani. Huko walifundishwa afya, usafi, mazoezi, na kwamba kazi yao kubwa ni kuzaa watoto kwa ajili ya taifa. Lakini pia, na hili niliwaambia bila kuficha, wengi wao walilala hemani mbali na jikoni kwa mara ya kwanza maishani, wakaongoza wenzao, wakapenda. Binti mmoja alitikisa kichwa akasema, "Hata mimi ningeenda." Sikumlaumu.

Tulipomaliza, upande wa kulia wa manila ulikuwa umejaa wino. Wanafunzi wakaanza kutafuta nafasi nyeupe. Wakati gani mtoto huyu yuko na baba yake tu? Wakati gani anasoma kitabu ambacho hakuna aliyemwagiza? Wakati gani anakaa na mtu asiyefikiri kama kikundi? Sheria ya Desemba 1, 1936 ilisema vijana wote wa Ujerumani wamo ndani ya Hitlerjugend na watalelewa humo, pamoja na nyumbani na shuleni. Kanuni za Machi 1939 zikafanya utumishi huo kuwa wa lazima, na mzazi asiyemwandikisha mtoto alikabiliwa na faini au kifungo. Mwaka 1939 wanachama walikuwa zaidi ya milioni 7. Hitler mwenyewe, katika hotuba ya Desemba 1938 huko Reichenberg, alieleza waziwazi jinsi mtoto angetolewa jumuiya moja na kuingizwa nyingine, kutoka miaka 10 hadi chama, hadi jeshi, na kwamba watu hao hawatakuwa huru tena maisha yao yote. Alilisema kama jambo la kujivunia.

Mimi nimefundisha mada hii miaka mingi kwa orodha ya propaganda: redio, mabango, hotuba. Sasa naamini niliifundisha kwa kichwa chini miguu juu. Maneno ya kwenye bango humpita mtoto. Saa zake zilikuwa zimechukuliwa zote, hata za jioni, na kila saa iliyochukuliwa ilikuja na kitu kitamu ndani yake.

Utamu huo nilitaka wauonje. Mtoto wa miaka 10 alipoingia alipewa mtihani: kukimbia mita 60 kwa sekunde 12, kuruka chini mita 2.75, kurusha mpira mita 25, matembezi ya siku moja na nusu, na kukariri maneno ya kiapo na wimbo wa chama. Akifuzu anapewa kisu chake, cha kuning'iniza kiunoni. Tulitoka uwanjani na kamba na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Wanafunzi wangu wana miaka 18 na 19, kwa hiyo walifuzu kwa kucheka. Lakini waone walivyofuzu! Kila aliyevuka mstari alipokelewa kwa shangwe, hata yule mnene ambaye kila siku hutaniwa, na yeye ndiye aliyeshangiliwa zaidi. Vumbi lilipanda, madarasa mengine yakachungulia madirishani. Mtihani ule ulipimwa ili karibu kila mtoto aupite. Ndiyo hesabu yake. Kumpa mtoto ushindi mdogo mbele ya wenzake, kisha kisu mkononi.

Mwanafunzi mmoja hakukimbia. Ana pumu, alikaa kwenye kivuli cha mwarobaini akishika makoti ya wenzake. Siku hiyo sikusema kitu juu yake. Yeye mwenyewe alikuwa akishangilia.

Kipindi kilichofuata niliandika ubaoni hesabu kutoka kitabu cha hisabati kilichotumika katika shule za Ujerumani miaka ya 1930. Sikusema imetoka wapi. Ilikuwa hivi: kujenga hospitali ya wagonjwa wa akili kunagharimu marki milioni 6, nyumba moja ya familia inagharimu marki 15,000, je, kwa fedha hizo zingejengwa nyumba ngapi?

"Mia nne!"

Ilikuwa sauti ya binti kiranja wa taaluma, hodari wa namba, na kabla sijageuka darasa lilikuwa limempigia makofi matatu, pa, pa, pa, kama tulivyozoea tangu shule ya msingi. Jibu ni sahihi. Nikaandika 400 ubaoni, nikapiga mstari chini yake mara mbili. Nikakaa.

Sijui ukimya ulidumu muda gani. Aliyeuvunja ni yule mwenye pumu. "Mwalimu, hospitali yenyewe je? Wagonjwa wanaenda wapi?"

Hesabu haikuuliza. Ndiyo kazi ya hesabu ile. Mtoto hakuambiwa amchukie mgonjwa, aliambiwa agawanye. Anagawanya, anapata, anapigiwa makofi, na ndani ya jibu lake mgonjwa amekwisha kuwa nyumba zilizopotea. Hapo nikawaeleza yaliyofuata. Sheria ya Julai 14, 1933 iliruhusu watu waliodaiwa kuwa na magonjwa ya kurithi wafungwe kizazi kwa nguvu, na hadi mwisho wa utawala ule walifanyiwa hivyo watu wapatao 400,000. Nilipotaja tarakimu hiyo, binti wa namba alitazama ubaoni na mimi nikatazama pia. Sikuwa nimepanga, na kwa kweli ilinitisha. Kuanzia 1939 wakaanza kuuawa. Kufikia Agosti 1941 wagonjwa na walemavu wapatao 70,000 walikuwa wameuawa kwa gesi katika vituo sita. Waliojaza fomu, walioendesha mabasi, walionyamaza, wengine walikuwa vijana waliokwisha kupita kwenye hesabu kama hii.

Na kiti cha Myahudi darasani? Aprili 1933 sheria iliweka kikomo cha wanafunzi wapya wa Kiyahudi, asilimia 1.5. Waliobaki walikaa mabenchi ya nyuma wakisikiliza wenzao wakifundishwa kwamba wao ni sumu. Novemba 15, 1938, siku chache baada ya masinagogi kuchomwa, watoto wote wa Kiyahudi walifukuzwa katika shule za umma za Ujerumani. Tulirudi kwenye manila na kuweka alama kwenye wiki hiyo ya Novemba: asubuhi moja yule kijana wetu wa Hamburg anaingia darasani, na kuna kiti kitupu, na somo linaendelea.

Kuhusu bahati aliyoiona kwa wavulana wa pichani, nilimjibu kiongozi wa skauti kwa watu wawili. Wa kwanza ni Hans Scholl, wa mji wa Ulm. Baba yake hakumpenda Hitler na alimwambia hivyo. Hans alijiunga hata hivyo, kwa furaha, akapanda hadi kuwa kiongozi wa kikosi. Dada yake Sophie naye akawa kiongozi upande wa wasichana. Walikuwa watoto wazuri wa nyumba nzuri, wanaosoma vitabu, wenye kiu ya kutumikia kitu kikubwa kuliko wao. Ilichukua miaka wao kugeuka. Februari 22, 1943 wote wawili walikatwa kichwa Munich, pamoja na rafiki yao Christoph Probst, kwa ajili ya vipeperushi vya kumpinga Hitler. Nilimwambia kijana wangu: swali lako Hans angelipigia meza.

Wa pili ndiye mwenye manila yetu. Helmuth Hübener alizaliwa Hamburg Januari 1925, kwa hiyo mwaka 1938 alikuwa na miaka 13. Alikuwa skauti mpaka skauti ilipofungwa, akaingizwa Hitlerjugend kama wengine. Mwaka 1941, akiwa mwanafunzi wa kazi za ofisini, alipata redio ya masafa mafupi ambayo kaka yake aliirudisha kutoka Ufaransa. Kusikiliza idhaa za nje kulikuwa kosa la jinai tangu Septemba 1939. Usiku, babu na bibi yake wakiwa wamelala, alifungua BBC ya Kijerumani, akalinganisha na alichosikia mchana, akaona tofauti. (Wazee wetu hapa, waliojikusanya jioni kusikiliza BBC Idhaa ya Kiswahili, wataelewa sauti ya chini ile na sikio lililobandikwa kwenye spika.) Akaanza kupiga vipeperushi kwa taipureta, na yeye na rafiki zake wakaviacha kwenye masanduku ya barua na mifukoni mwa makoti. Alisalitiwa na msimamizi wa kazini, mtu wa chama. Oktoba 27, 1942 aliuawa. Alinyongwa? aliuliza mmoja. Hapana, alikatwa kichwa, gereza la Plötzensee, Berlin. Alikuwa na miaka 17.

Kijana wa skauti aliomba kalamu nyekundu. Akaenda kwenye ratiba ya kulia, akatafuta mstari wa saa nne usiku, nafasi pekee tuliyokuwa tumeiacha wazi baada ya kuandika "kulala", akaandika humo neno moja: redio. Hakusema kitu, akarudi kukaa.

Kuna walioniambia mada hii ni ya Wazungu, haituhusu. Mimi nimekaa Arusha, mwendo wa saa mbili kutoka hapa, kwenye viti vya wasikilizaji nyuma ya kioo, na vifaa vya masikioni, katika jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, ambamo Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilifanya kazi hadi ilipofungwa mwisho wa 2015. Niliona watu wa kawaida kizimbani, wenye tai. Georges Rutaganda, makamu wa pili wa rais wa Interahamwe, wanamgambo walioua Watutsi mwaka 1994, alihukumiwa humo kifungo cha maisha Desemba 6, 1999. Na Interahamwe ilianza kama jumuiya ya vijana ya chama tawala cha MRND, yenye nyimbo, sare na mikutano. Kabla ya hapo, katika madarasa ya Rwanda, mwalimu aliwasimamisha watoto kwa kabila: Wahutu simameni, Watutsi simameni. Mtoto ambaye hakujua ni nani alilijua mbele ya wenzake asubuhi hiyo. Niliposimulia haya darasani, nilimwona binti wa namba akiangalia mikono yake mwenyewe, ile iliyopigiwa makofi.

Niseme pia juu yetu, kwa sababu wanafunzi waliniuliza na hawakustahili jibu la kukwepa. Nilisoma shule ya msingi hapa hapa Moshi miaka ya 1980. Alfajiri tulikimbia mchakamchaka tukiimba juu ya kumwua Idi Amin na kumtupa awe chakula cha mamba, tukiwa na miaka minane, meno yamechomoka, na tuliimba kwa raha isiyo na kifani. Tulicheza halaiki, tulivaa skafu za chipukizi. Je, tulikuwa kama wao? Naamini hapana, na naweza kusema kwa nini. Jioni nilirudi kwa baba aliyemtania mwenyekiti wa kijiji mezani bila kushusha sauti. Jumapili nilikuwa kanisani, ambako padre alikuwa na mawazo yake. Rafiki yangu wa benchi alikuwa Mwislamu, mwingine Mpare, na hakuna mwalimu aliyetusimamisha kwa makundi. Ratiba yangu ilikuwa na nafasi nyeupe nyingi. Lakini wimbo ule wa mamba ulikuwa mdomoni mwangu, na ulinikaa vizuri sana, na sitawaficha watoto hilo.

Kuhusu "nani anatuita", swali lenyewe la kijana, sikumpa jibu. Nilimwambia kwamba njaa yake ya kuitwa ni ya haki, na kwamba anayekuja kuishibisha aangaliwe anachukua saa ngapi na anafunga milango mingapi nyuma yake. Alisema, "Hiyo siyo kazi, mwalimu, kwa kaka yangu." Ni kweli, siyo.

Mtihani wa moko ulipofika, swali likaja kama linavyokuja miaka yote: eleza sababu sita zilizowawezesha Wanazi kushika madaraka na kuyashikilia. Kijana aliandika Versailles, mdororo wa uchumi wa 1929, udhaifu wa Jamhuri ya Weimar (Ujerumani ya kabla ya Hitler), hofu ya ukomunisti, propaganda. Ya sita aliandika kwamba serikali ilichukua saa zote za mtoto mpaka hakubaki na saa ya kusikia kitu kingine, akatoa mfano wa Jumatano jioni na wa hesabu ya nyumba mia nne. Mwalimu mwenzangu, tuliyegawana karatasi, aliiwekea alama ya kuuliza na kunyima maksi, kwa kuwa hoja hiyo haimo kwenye mwongozo wa usahihishaji.

Nilimfuata na karatasi mkononi. Tulibishana kwa heshima, yeye ni kaka yangu kikazi, amenitangulia miaka sita. Mwishowe alisema twende akaone hicho kilichomfundisha mtoto kuandika hivyo. Darasa lilikuwa tupu, viti vimepandishwa juu ya meza kwa ajili ya usafi. Alisimama mbele ya manila, miwani imeshuka puani, akaisoma kutoka Jumatatu hadi Jumapili bila haraka. Kisha akaweka kidole kwenye saa nne usiku.

"Hii redio hapa," akasema, "ndiyo nini?"

Nikashusha viti viwili.